Kabla ya Harambee ya Anjiogramu

Familia nyingi za Machakos hukutana na anjiogramu kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya rufaa. Mzee amekuwa akilalamika kwamba kifua kinambana kila anapopanda shamba la matuta kule Iveti au Mua. Amemeza dawa za asidi kwa miezi, amekunywa maji ya tangawizi, amekatazwa isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kwa sababu ya maharagwe yake. Mwishowe amefikishwa Hospitali ya Machakos Level 5, amepimwa umeme wa moyo, na daktari ameandika mistari miwili: inashukiwa mishipa ya moyo imeziba, aende Nairobi kwa anjiogramu. Jioni hiyo hiyo kundi la WhatsApp la ukoo linafunguliwa. Mmoja anauliza bei, wa pili anataja ng'ombe wa kuuzwa, wa tatu anasimulia habari za mtu aliyeingizwa waya moyoni na hakurudi. Kufikia asubuhi mweka hazina ameshateuliwa, na bado hakuna aliyeuliza kipimo hicho kinatafuta nini, wala matokeo yake yatabadilisha nini.

Hapo ndipo penye kosa. Kwa mgonjwa mmoja, anjiogramu ni jambo la dharura lisilongoja kikao cha ukoo. Kwa mgonjwa mwingine, ambaye machoni pa majirani anaumwa vile vile, upo muda wa kuanza dawa, kuuliza maswali na hata kupima kwa njia nyingine kwanza. Kuwachanganya hao wawili kunamuua wa kwanza na kumfilisi wa pili.

Kipimo chenyewe hakistahili hofu inayokizunguka. Mgonjwa hulala chali juu ya meza nyembamba, akiwa macho, mkono umenyooshwa pembeni. Kifundo cha mkono hudungwa sindano ya ganzi, kisha mrija mwembamba uitwao katheta huingizwa kwenye mshipa ule ule ambao muuguzi huugusa anapohesabu mapigo. Husukumwa taratibu kupitia mkononi na begani hadi kwenye midomo ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mgonjwa kwa kawaida hausikii ukipita. Daktari anapoingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, mishipa hujitokeza kwenye skrini, myeusi, yenye matawi, ikicheza kwa kila pigo. Palipobana, ule weusi hukonda ghafla. Wengine huhisi joto likienea mwilini kwa sekunde chache, kisha linapotea. Kazi yote mara nyingi huchukua kama nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Mtu wa kwanza anayejulikana kusukuma mrija hadi moyoni mwa binadamu aliye hai alijifanyia mwenyewe. Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijipenyeza mrija mkononi mwaka 1929, akatembea hadi chumba cha eksirei na kupiga picha ya kuthibitisha. Mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel. Mwaka 1958, Mason Sones wa Cleveland, Marekani, aliona dawa ya eksirei ikiingia kwa bahati katika mshipa wa moyo wa mgonjwa wake, na mgonjwa akapona. Hapo ndipo anjiogramu ya mishipa ya moyo ilipozaliwa. Mwaka 1977, Andreas Grüntzig alitumia kiputo kidogo mjini Zurich kupanua mshipa uliobana. Stenti, kile kijibomba cha waya kinachoachwa ndani ili mshipa usijifunge tena, ilifuata katika miaka ya 1980.

Mwaka ule ule wa 1929, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet matokeo aliyoyapata upande wa magharibi wa Kenya, Kavirondo Kusini. Katika muda wa takribani miaka miwili, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakuona hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones waliandika kutoka Kampala kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa wa kawaida kwa Waasia wa Uganda na nadra mno kwa Waafrika, na wakaonyesha kwamba kolesteroli za makundi hayo mawili zilitofautiana sana. Kwa hiyo wazee wanaosema kwamba moyo kuziba ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi hawakulitoa neno hilo hewani. Lilikuwa kweli zamani.

Maisha aliyoyapima Donnison yamekwisha. Kijana wa Mlolongo au Syokimau hukaa kwenye kiti saa nane, hurudi nyumbani kwa bodaboda na hula chipsi zilizokolea chumvi. Mzazi wake kijijini hana tena safari ndefu za miguu kwenda sokoni. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019.

Wakenya waliliona hilo kwa karibu Julai 8, 2017. Waziri wa Usalama wa Ndani, Meja Jenerali mstaafu Joseph Nkaissery, mtu wa kaunti jirani ya Kajiado, alianguka nyumbani kwake Nairobi usiku na kufariki. Siku iliyotangulia alikuwa hadharani katika shughuli zake. Uvumi ulipaa, lakini uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alifariki kwa mshtuko wa moyo. Mtu huyo hakukosa gari, walinzi wala hospitali ya karibu. Alichokosa ni muda.

Mwenye mshtuko wa moyo ndiye mgonjwa wa kwanza katika hoja hii. Mafuta yaliyojikusanya kwenye ukuta wa mshipa hupasuka, damu huganda juu yake, na sehemu ya nyama ya moyo huanza kufa kwa kukosa damu. Dalili zake ni mbano au uzito katikati ya kifua unaoendelea kwa robo saa na zaidi hata mtu akipumzika, ukienda begani, mkononi au kwenye taya, pamoja na kijasho chembamba, kichefuchefu au kuhema. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasiumwe kifua kabisa; huishiwa pumzi na nguvu ghafla. Huyu hahitaji kikao. Kama hana mzio wa aspirini na hatoki damu, atafune miligramu 300 huku gari likitafutwa, na akifika hospitalini apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Familia ikumbuke hivyo inapodaiwa amana mlangoni.

Kwa mgonjwa wa namna hii, pale kipimo cha umeme kinapoonyesha mshipa umeziba kabisa, anjiogramu na stenti papo hapo huokoa maisha kuliko tiba nyingine yoyote, mradi afike mapema. Miongozo ya kimataifa inataka mshipa ufunguliwe ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa uthibitishwe. Isipowezekana, apewe upesi sindano ya kuyeyusha donge la damu pale pale alipo, kisha asafirishwe kwa anjiogramu ndani ya saa 24. Sindano hiyo hufaa zaidi katika saa tatu za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake hupotea.

Sasa pima dakika hizo 120 kwa barabara za Machakos. Mji uko zaidi ya kilomita 60 kutoka Nairobi, ambako ndiko kuliko na maabara nyingi za anjiogramu nchini. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 huanzia Mlolongo na kufika Westlands kwa kilomita 27, na imepunguza foleni kwa anayemudu. Lakini mgonjwa wa Masinga au wa ndani ya Yatta kwanza lazima atoke kijijini, apate gari, afike hospitali, apimwe, ambulensi ipatikane, na timu ya maabara Nairobi iamshwe ikiwa ni usiku. Kwa watu wengi wa kaunti hii, tumaini la kweli la saa ya kwanza ni ile sindano ya kuyeyusha donge ikiwa kwenye jokofu la hospitali ya karibu, na mhudumu anayejua kusoma kipimo cha umeme wa moyo. Hilo ndilo jambo la kudai kwa sauti.

Mgonjwa wa pili ni yule mzee wa matuta. Kifua humbana akipanda, hutulia akisimama, na imekuwa hivyo kwa miezi bila kuzidi. Huyu ana ugonjwa wa mishipa, au huenda anao, lakini mshipa wake haujafungwa usiku huu. Familia huambiana: apigwe picha haraka, palipoziba pafunguliwe, asipate mshtuko. Fikra hiyo ni ya upendo, lakini kwa wagonjwa wengi wa aina hii, utafiti mkubwa umeikanusha.

Mwaka 2007 utafiti ulioitwa COURAGE uliwagawa wagonjwa 2,287 wenye maumivu yaliyotulia: nusu walipewa dawa kamili, nusu dawa hizo hizo pamoja na kupanuliwa mishipa. Baada ya miaka, vifo na mishtuko ya moyo havikutofautiana. Wengine walisema dawa na stenti za kisasa zingeleta jibu jingine. Basi ukafanywa utafiti wa ISCHEMIA, wagonjwa 5,179 katika nchi 37, wote wakiwa wamepimwa na kuonekana moyo wao unapungukiwa damu wanapofanya kazi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019, na jibu la msingi likawa lile lile: kuwapeleka wote kwenye anjiogramu mapema hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa. Kilichopungua ni maumivu, hasa kwa waliokuwa wakiumwa mara kwa mara.

Sababu yake inaeleweka. Ugonjwa huu haukai sehemu moja. Huenea kwenye mishipa, na donge linaloua mara nyingi huanzia mahali ambapo hapakuwa pamebana sana. Stenti huziba shimo moja barabarani. Dawa hukarabati barabara yote kutoka Machakos hadi Nairobi. Aspirini, statini ya kushusha kolesteroli, dawa ya presha, udhibiti wa sukari, na sigara kutupwa moja kwa moja: hivyo ndivyo vinavyorefusha maisha ya mzee huyu, na vingi kati yake hununuliwa kwa bei ndogo kwenye kemisti ya mtaani.

Hii haina maana kwamba mgonjwa wa pili asipimwe kamwe. Tafiti hizo ziliwaacha nje baadhi ya watu, na watu hao wapo Machakos. Mwenye maumivu yanayozidi, au yaliyoanza kuja akiwa amekaa, amevuka kutoka kundi la pili kwenda la kwanza na aende hospitali leo. Ambaye moyo wake umeonekana dhaifu kwenye echo, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, au vipimo vimedokeza kwamba mshipa mkuu wa kushoto umebana, anahitaji anjiogramu kwa sababu upasuaji unaweza kumuongezea miaka. Na yule ambaye amemeza dawa ipasavyo bado hawezi kutembea hadi kanisani bila kusimama ana haki ya kufunguliwa mshipa ili aishi vizuri, hata kama hakutamuongezea siku. Mzee anayekataa kwa sababu ya hadithi za waya, akabaki na mitishamba huku hali ikizorota, anakosea sawa na familia inayokimbilia kuuza shamba.

Wengine wanaopelekwa kupimwa hata hawana ugonjwa huo. Nchini Marekani, takwimu zilizochapishwa mwaka 2010 za karibu watu 400,000 waliofanyiwa anjiogramu bila dharura zilionyesha kwamba zaidi kidogo tu ya theluthi moja walikuwa na mishipa iliyoziba kiasi cha kuhesabika. Kwa wale ambao shaka ni ya katikati, ipo skani ya CT ya mishipa ya moyo, ambayo dawa yake hupita kwenye mshipa wa mkono kama dripu na hakuna mrija unaofika moyoni. Utafiti wa DISCHARGE wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2022 kwa wagonjwa 3,561, ulikuta kwamba kuanza na skani hiyo hakukuzidisha vifo wala mishtuko ya moyo, na madhara makubwa ya kipimo yalikuwa asilimia 0.5 dhidi ya 1.9 kwa walioanza na anjiogramu. Skani hiyo inahitaji mashine yenye kasi na mtaalamu wa kuisoma, kwa hiyo si kila CT inafaa. Lakini inafaa kuulizwa.

Madhara ya anjiogramu yasifichwe wala kutiwa chumvi. Kwa asiye katika dharura, vifo ni takribani mmoja kwa kila wagonjwa 1,000 au pungufu. Kiharusi na kutoka damu sana hutokea kwa wachache, na kupitia kifundo cha mkono hupunguza kutoka damu kuliko kupitia kinena. Dawa ya eksirei inaweza kuelemea figo, hasa za mwenye kisukari. Ndiyo maana figo hupimwa kwanza, na anayemeza metformini au aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyo ni lazima aseme mapema.

Kwa hiyo mtoto anayempeleka mzazi wake Nairobi aingie chumba cha daktari na maswali kabla ya kitabu cha michango. La kwanza: "Daktari, maumivu ya mzee ni ya dharura au yametulia?" La pili: "Tukishaiona hiyo mishipa, matibabu yake yatabadilika namna gani?" Kama mzee ameshaamua kwamba hatakubali stenti wala kupasuliwa, na dawa zake zinamfaa, picha hiyo haitamsaidia. La tatu: kuna kipimo kisichoingia mwilini kitakachotosha kwa sasa? La nne ndilo linalosahauliwa zaidi: ikiwa stenti itawekwa siku hiyo hiyo akiwa mezani, ni nani atalipa, na ni nani atanunua dawa za baadaye? Baada ya stenti, mgonjwa humeza aspirini pamoja na klopidogreli au dawa inayofanana nayo kwa miezi, mara nyingi sita hadi kumi na miwili. Akiziacha kwa kukosa pesa, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kumletea mshtuko ule ule uliokuwa ukikimbiwa.

Daktari mwema hakasirishwi na maswali haya. Muda wa kuyajibu ni sehemu ya tiba, na wataalamu wa moyo wa Nairobi, hata foleni ikiwa ndefu mlangoni, wanapaswa kuutoa kwa lugha anayoielewa mzee.

Kuhusu pesa, bima ya afya ya taifa sasa iko chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Familia ipate kibali cha SHA kwa maandishi kabla ya siku ya kipimo, na iulize hospitali zaidi ya moja, za umma na za binafsi, kwa sababu bei hutofautiana mno na inaweza kupanda hadi malaki. Harambee ni desturi njema ya nchi hii na imeokoa wengi. Ila michango inayolipia picha, halafu ikakosekana ya kununua vidonge mwezi wa tatu, imetumika vibaya.

Serikali ya Kaunti ya Machakos nayo ina sehemu yake. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023 kote nchini wana mashine za kupima presha na sukari. Kazi yao haina maana kama anayegunduliwa akifika zahanati anaambiwa dawa zimeisha. Hospitali za Kangundo, Matuu, Kathiani na Mwala zinahitaji mashine ya kupima umeme wa moyo inayofanya kazi saa 24, aspirini kwenye chumba cha dharura, sindano ya kuyeyusha donge la damu, na njia ya kutuma kipimo kwa mtaalamu akisome mara moja. Gharama ya vitu hivyo haikaribii ya maabara nzima ya anjiogramu, na vitawafikia wagonjwa wengi zaidi. Madiwani waviweke kwenye bajeti ijayo, na wapiga kura wawaulize vilipo.

Na msomaji ambaye kifua kimekuwa kikimbana akipanda mlima aache dawa za asidi za kujinunulia, aende apimwe presha, sukari na umeme wa moyo wiki hii. Kikimbana usiku akiwa amelala, asingoje kupambazuke.